Kabla hujabonyeza Enter, ulizia jedwali la kodoni

Jana mdogo wetu mmoja hapa maabara kaniletea faili la GFF (orodha ya jeni na mahali zilipo kwenye jenomu), uso umemng'aa. Bakteria wa mbuzi, Mycoplasma, jeni kibao. Kufungua tu, protini zimekatikakatika. Wadogo zangu, hili kosa tutalirudia mpaka lini?

1. Msiiachie programu iamue. Prokka, programu ya kutafuta jeni kwenye jenomu za bakteria, usipoiambia kitu inasoma kwa jedwali la kodoni la 11, yaani orodha ya kila herufi tatu za jeni (kodoni) na asidi amino inayoletwa nazo, au kama zinakomesha protini. Mycoplasma anatumia la 4: kwake UGA haikomeshi protini, inaleta triptofani.

Nayajua haya kwa machungu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa Mycoplasma mycoides, yule wa homa ya mapafu ya ng'ombe. Jenomu ndogo, besi milioni 1.2 hivi. Nikaendesha, dakika chache kazi ikaisha, nikaandika ripoti kwamba mdudu huyu amepoteza jeni nyingi. Hata sababu za kimageuzi nikazitafuta, nikazipata! Kwenye kikao mwalimu wangu akauliza swali moja, kwa upole: "Kama rpoB, jeni ambayo bakteria hawezi kuishi bila hiyo, imevunjika, anaishije?" Nikanyamaza. Usiku ule Sinza umeme ulikuwa umekatika, nikakaa na laptopu yenye chaji kidogo, nikifuata mfuatano kwa kidole kwenye kioo. Mkato wa kwanza, TGA, ndiyo UGA ileile ikiandikwa kwa DNA. Wa pili, TGA. Wa tatu, TGA. Nikaifunga.

Aibu ningeivumilia. Kilichoniuma ni kwamba mwenzangu alishaagiza praima (vipande vifupi vya DNA vya kunakilia jeni) kwa kufuata orodha yangu, kwa pesa ya mradi, na tulizisubiri wiki sita zifike Dar. Zilikuwa za "jeni" ambazo hazipo. Hakunigombeza. Mpaka leo nikimwona nakumbuka.

2. Mnaofanya yukariota (wanyama, mimea, fangasi): kabla ya BRAKER, programu ya kutafuta jeni zao, sehemu za DNA zinazojirudia ziandikeni kwa herufi ndogo, msizigeuze kuwa N, herufi inayoficha besi.

3. BUSCO, kipimo cha asilimia ya jeni zinazotarajiwa ambazo zimepatikana, pimeni kwenye jenomu, kisha kwenye protini. Ya pili ikishuka sana, tatizo ni anotesheni yenu, yaani kazi yenu ya kutambua jeni.

4. Kazi ndefu za seva ziwekeni ndani ya screen, programu inayoacha kazi iendelee hata mtandao ukikatika. Intaneti ya hapa mnaijua. Nimeshamwona mtu analia saa kumi alfajiri, siku tatu za kazi zimekwenda na bando.

Yule mdogo wetu nilimwambia aongeze --gcode 4 kwenye amri ya Prokka, yaani jedwali la 4, arudie. Leo asubuhi kaja na rpoB nzima, haina mkato hata mmoja.