Nataka ule, siyo "nataka unakula"

Nikijifunza Kihispania, nilipoteza miezi kwenye kitu ambacho Wahispania wanakiita subjuntivo, yaani umbo la kitenzi kama letu la "ule" au "asome". Kitabu changu kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza na kilinizungusha tu: mara matamanio, mara mashaka, mara hisia. Aliyeniamsha ni mgeni Mhispania niliyekuwa namtembeza Mikindani. Tumekaa kwa mama lishe, wali na samaki vimefika, nikamwambia "Quiero que comes." Akacheka: "Comas!" Nilikuwa nimemwambia "nataka unakula."

Jamani, hii tunayo tangu utotoni! Nataka kula mimi, quiero comer. Nataka ule wewe, quiero que comas. Anayetaka na anayetakiwa kula wakiwa watu wawili, kitenzi kinageuka mwisho. Kukataza nako ni hivyohivyo: usile, no comas. Tuzungumze: hablemos.

Kukigeuza, chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo (hablo, nazungumza; como, nakula; vivo, naishi), ondoa ile o. Vitenzi vinavyoishia na -ar, kama hablar, vinapokea e (kwa mpangilio wa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao): hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Hivi visikutishe, ni kama soma na asome. Vya -er na -ir ndivyo vitakavyokutesa, maana vinakwenda kinyume na sikio letu, vinapokea a: coma, comas, coma, comamos, comáis, coman, viva naye yumo humo. Angalia pia kwamba hable ni mimi na ni yeye. Hakuna ni- wala a- ya kukuokoa, kwa hiyo pakiwa na utata taja yo au ella. Llegar (kufika) huandikwa llegue, buscar (kutafuta) huwa busque, ili sauti ibaki ileile.

Ila Kiswahili kina mahali kitakutupa. Sisi tunasema "sidhani kama anaishi Lindi", wala hakuna -e hapo. Wao ni no creo que viva en Lindi. "Ukifika Masasi nipigie" ni cuando llegues a Masasi, llámame. Hizi zikariri tu, mimi sikupata njia nyingine.

Neno nililolipenda ni ojalá. Limetoka kwenye Kiarabu, ndugu yake inshallah, na jirani zetu wanaozungumza Kireno ng'ambo ya Ruvuma wanalo, oxalá. Daima linafuatwa na subjuntivo. Minada ya korosho ikianza nalitumia karibu kila siku: ojalá suba el precio, Mungu ajalie bei ipande.