Ukurasa wa Farasi Umeondoka Gazetini: Hivi Ndivyo Ninavyofuatilia Mbio Nikiwa Mombasa

Jumatatu asubuhi ukisimama kwa muuza magazeti pale Digo Road, utakuta kurasa za michezo zimejaa Ligi Kuu ya Uingereza mpaka pambizoni. Arsenal imefanya hivi, Manchester United imefanyiwa vile. Mbio za farasi za Jumapili katika kiwanja cha Ngong, Nairobi, zikibahatika, zimepewa aya mbili chini ya tangazo, na wiki nyingine hata hizo aya hazipo. Sisi wachache wa huku Pwani tunaopenda farasi tumezoea kupigiana simu kuulizana nani kashinda. Na kwa vile wengi huishia kuniuliza mimi, nimeona niandike namna ninavyofuatilia, nimalizane na maswali kwa mkupuo mmoja.

Kwanza, mimi sichezi kamari. Hili hunibidi kulieleza kila mara, maana Mombasa ukitaja mbio za farasi mtu hukutazama kwa jicho la pembeni. Ami yangu, aliyenifundisha kuusoma ukurasa ule barazani Kibokoni, hakuwahi kuweka hata shilingi. Akiulizwa, alijibu kwa hadithi ya Ibn Umar: Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi waliofanyishwa mazoezi kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasiofanyishwa mazoezi kutoka hapo hadi msikiti wa Banu Zurayq. Kukimbiza farasi hakuna ubaya, alisema, ubaya uko kwenye dau. Kisha ataagiza kahawa chungu, alikunje gazeti mara nne, aanze kutupa habari. Gazeti lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Kiswahili chake tulikipata mdomoni mwake, na nina yakini kilikuwa na chumvi nyingi kuliko alivyoandika mwandishi.

Vijana hawaamini nikiwaambia kuwa gazeti kongwe la nchi hii lilizaliwa hapa kwetu. A. M. Jeevanjee alianzisha African Standard Mombasa mwaka 1902, na halikuhamia Nairobi mpaka 1910, likiwa limeshaitwa East African Standard. Mbio za farasi nazo zilianza Kenya katika miaka hiyohiyo, mwanzoni mwa karne, kisha zikahamia kiwanja cha sasa cha Ngong Road mwaka 1954. Kwa hiyo gazeti na farasi wamezeeka pamoja. Gazeti ndilo lililochoka kwanza.

Nalo halikuchokea Kenya peke yake. Uingereza, ambako mchezo huu umepangwa mpaka chembe ya mwisho, gazeti la mbio la Sporting Life lililoanza 1859 lilifungwa 1998, likabaki Racing Post, lililoanzishwa na Sheikh Mohammed wa Dubai mwaka 1986. Hilo nalo corona ilipoingia 2020 liliacha kuchapishwa kwa muda, kwani mbio zenyewe zilisimama. Marekani, Daily Racing Form ambalo lilianza Chicago mwaka 1894 bado lipo, lakini magazeti ya kawaida yaliwaondoa waandishi wao wa farasi mmoja baada ya mwingine. New York Times ilivunja dawati lake lote la michezo mwaka 2023. Dawati zima likiondoka, farasi atabakia wapi?

Sababu hazina siri. Ratiba ya mbio hula karatasi. Jumamosi moja ya Uingereza ina viwanja kadhaa, kila kiwanja mbio sita au saba, mbio nyingi farasi wanane, kumi au zaidi, na kila farasi ana joki (mpandaji wake), mkufunzi, uzani na historia yake. Yote hayo kwa herufi za kuumiza macho, na ikifika asubuhi farasi watatu wameshaondolewa kwa sababu mvua imenyesha na ardhi imekuwa tope. Gazeti limechapwa, haliwezi kurekebishwa. Simu inarekebishwa palepale. Kisha kuna pesa. Zamani aliyetaka kubashiri alihitaji gazeti, akalinunua hata kama hana haja na siasa za ukurasa wa kwanza. Siku hizi kijana wa Majengo hutengeneza mkeka wa mpira akiwa ndani ya matatu na kuulipia kwa M-Pesa kabla hajafika Buxton. Gazeti la nini?

Matokeo hayakupotea, basi. Yapo mengi kuliko wakati wowote, tena bure. Kilichopotea ni yule mtu aliyekwenda kiwanjani, akatazama farasi wakizungushwa kabla ya mbio, akamwona yule mwekundu anavyotoka jasho shingoni, akarudi kuandika kwamba fulani alimaliza wa nne lakini alizibiwa njia kwenye kona, mwangalieni safari ijayo. Mtu huyo alilipwa na gazeti. Siku hizi ukitafuta habari za farasi kwenye simu, nyingi zinaletwa na kampuni inayotaka uweke dau kabla mbio hazijaanza. Ushauri wangu mkubwa uko hapo: usikubali kampuni ya kamari iwe ndiyo gazeti lako. Sisemi kwamba hudanganya. Nasema kwamba haina sababu ya kukueleza jambo lolote ambalo halitakufanya ubonyeze kitufe, na mbio zikishaisha haina haja na habari zake, ilhali utamu wa mchezo huu, nusu yake, uko kwenye kuzisimulia baadaye.

Tena kuna wale farasi wa skrini. Umewaona: maduka ya kamari mjini yana televisheni ukutani, na kila baada ya dakika chache farasi wamepangwa, wanakimbia, mshindi katangazwa, wengine wanapangwa. Hao si farasi. Ni picha za kompyuta, na mshindi huchaguliwa na programu ya nambari za bahati. Hakuna historia ya kusoma kwa sababu hakuna aliyewahi kukimbia. Nimewahi kumkuta mzee wa watu ameshika kalamu ananakili nambari zilizoshinda, akidhani ataona mpangilio. Nilikaa naye nikamweleza taratibu. Sijui kama alinisikia, lakini wewe nisikie.

Sasa, unaanzia wapi? Anza na kiwanja kimoja. Watu hufungua simu wakakutana na mbio za Ufaransa, Australia, Hong Kong na Afrika Kusini siku moja, wakachoka kabla ya adhuhuri. Mimi nilishikilia Ngong. Mbio ni Jumapili, farasi si wengi, na baada ya miezi michache unawajua kwa majina kama unavyowajua wachezaji wa Bandari. Jockey Club of Kenya ndio wenye kuziendesha, na ratiba na matokeo hutoka kwao wenyewe, si kwa mtu wa kati. Fuata zile mbio kubwa za msimu, yaani Guineas, Oaks, Derby na St Leger, ambazo zimeigwa kutoka Uingereza kwa majina na kwa utaratibu. Ukimfuata farasi mmoja wa miaka mitatu kutoka Guineas, ambayo ni fupi, hadi Derby, kisha St Leger, ambayo ni ndefu kuliko zote, utajifunza kuhusu pumzi na kasi kuliko utakavyofundishwa na mtabiri yeyote.

Kwa mbio za nje, chagua siku chache za mwaka. Mimi huanza na Dubai World Cup, mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili. Dubai wametutangulia saa moja tu, kwa hiyo hakuna kukesha. Mashindano hayo yalianza 1996, farasi wa Marekani aitwaye Cigar akashinda ya kwanza, na tangu 2010 hukimbiwa kiwanja cha Meydan. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba kiwanjani hapo hakuna kuweka dau. Watazamaji hupewa mashindano ya bure ya kutabiri washindi. Wale wanaosema mbio za farasi bila kamari haziwezekani nawaelekeza huko, na bila shaka wana binamu anayefanya kazi Deira, hukohuko Dubai, wa kuwathibitishia. Baada ya hapo huja Grand National ya Aintree, Uingereza, mwezi wa Aprili. Tangu 2024 wameiwahisha, ikaanza saa kumi jioni kwao, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili, na wamepunguza farasi kutoka 40 hadi 34 kwa ajili ya usalama. Unaitazama na kuimaliza kabla ya adhana ya Magharibi.

Jifunze kusoma safu ya nambari, kwa maana bila hiyo utabaki kutegemea maneno ya watu. Tuseme mbele ya jina la farasi wa Uingereza pameandikwa 30/1-F42. Soma ukitokea kulia. Mara ya mwisho alikuwa wa pili. Kabla ya hapo wa nne. Kabla ya hapo F, yaani alianguka. Kistari kidogo kinatenga msimu na msimu: msimu uliopita alishinda. Mkwaju ule unaonyesha pengo refu zaidi, labda alikuwa mgonjwa. Sifuri maana yake alimaliza wa kumi au nyuma zaidi, na kabla yake alikuwa wa tatu. Ukiona P, joki alimsimamisha njiani. Ukiona C pembeni ya jina, amewahi kushinda kiwanja hicho. D, amewahi kushinda masafa hayo. Basi hapo una hadithi kamili: farasi aliyekuwa wa tatu, akaboronga, akapotea, akarudi kushinda, akaanguka, akapata hofu au maumivu, na sasa anapanda tena. Ami yangu hadithi kama hiyo aliinyoosha kwa vikombe viwili vya kahawa.

Uzani pia usiupite. Katika mbio za kusawazishwa, farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote wawe na nafasi, na Uingereza kila alama moja ya ubora ni ratili moja mgongoni. Aliyeshinda Jumamosi akiwa na mzigo mwepesi ataongezewa. Watu humshangaa anaposhindwa safari ya pili, na jibu lilikuwa limeandikwa mbele yao. Ardhi nayo hubadilisha mambo: kuna farasi wa udongo mkavu na kuna farasi wa tope, na huyo wa tope utamwona hana maana kiangazi chote.

Kisha nunua daftari. Ndiyo, la karatasi. Simu hukupa matokeo ya leo na kukusahaulisha ya jana. Kila baada ya mbio ninayoitazama, huandika mistari michache: nani aliongoza, nani alizibwa, nani alichelewa kutoka kwenye kizimba, umbali kati ya wa kwanza na wa pili. Usiandike nambari ambazo tayari ziko mtandaoni. Andika ulichokiona. Rekodi za Marekani, ambazo huhifadhiwa na kampuni ya Equibase iliyoanzishwa mwaka 1990, zina sentensi fupi ya namna hiyo kwa kila farasi, na mimi huzisoma kujifunza namna ya kusema mengi kwa maneno machache. Ukiwa na daftari la msimu mzima, utashangaa jinsi watabiri wa mtandaoni wanavyoongea bila kukumbuka.

Wenye magazeti ya zamani majumbani, tafadhali msiyapeleke yote kwa muuza viazi karai. Kabla ya kuyatoa, kata kurasa za michezo, andika tarehe juu ya kila kipande, kwa sababu tarehe mara nyingi iko upande unaoutupa. Weka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana joto la Mombasa na unyevu wake huozesha karatasi haraka. Anayetaka kurudi nyuma zaidi na akiwa na safari ya Nairobi, aingie maktaba ya McMillan, ambako magazeti ya tangu enzi za ukoloni yamehifadhiwa. Nenda na subira, na nenda mapema.

Na kwa wanaoandika, au wanaotaka kuandika: msingoje mhariri arudishe ukurasa, hatorudisha. Lakini Pwani tuna mbio zetu ambazo hazijawahi kupata hata huo ukurasa wa kufutwa. Lamu, wakati wa Maulidi na wakati wa Tamasha la Utamaduni ambalo huwa Novemba, vijana hukimbiza punda ufukweni mbele ya mji mzima, bila tandiko. Mji huo una punda wengi kiasi kwamba hospitali yao ilifunguliwa 1987. Kesho yake gazeti hutoa picha moja ya mshindi kainua mkono, na habari imekwisha. Punda hana jina, aliyekuwa wa pili hajulikani, mwenye punda hakutajwa. Ukienda safari ijayo, fika mapema uwatazame wakitayarishwa. Muulize kila kijana jina lake, jina la punda, punda ni wa nani na siku za kawaida hubeba nini, mawe ya matumbawe au mchanga au mizigo ya jetini. Andika nani alianza vizuri na nani aligeuka akarudi nyumbani katikati ya mbio, kwani yupo siku zote. Halafu mwaka unaofuata nenda tena na daftari lilelile, uone ni punda yupi amerudi.