Unaenda Chichén Itzá kwa siku moja? Uliza ratiba kabla hujalipa

Tangu niposti zile picha za piramidi ya Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa kule Mexico, maswali hayaishi, na karibu wote mnauliza bei, bei, bei. Jamani bei sio ishu kubwa. Ishu ni mnafika saa ngapi na mnakaa ndani muda gani. Kutoka Cancún, mji wa pwani wanakofikia watalii wengi, mpaka Chichén Itzá ni kama kilomita 200, masaa mawili na nusu kama basi halisimamisimami, sasa haya mabasi ya watalii yanasimama hasa, mnaambiwa tunapita hapa kidogo mwende chooni kumbe ni duka la vito na visu vya mawe, dakika arobaini zimeenda, mnakuja kufika magofuni jua la utosi na Cancún yote imeshajaa pale.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize anayekuuzia: getini tunaingia saa ngapi, na tukishaingia tuna muda gani na mwongozaji na muda gani wa kuzunguka wenyewe? Akianza kuzungusha maneno tafuta mwingine, wapo kibao.

Halafu kuna hili la saa, linachanganya watu. Cancún iko jimbo la Quintana Roo, magofu yako Yucatán, na Yucatán iko nyuma saa moja nzima. Maana yake ukitoka saa kumi na mbili asubuhi unafika saa moja na nusu kwa saa za kule, na geti linafunguliwa saa mbili, mnakuwa wa mwanzo kwenye foleni na piramidi unaipiga picha haina kichwa cha mtu. Kama kuamka mapema kunakushinda, kalale Valladolid, mji mdogo mzuri tu, uko karibu na magofu na chakula chake kitamu kuliko bafe za kwenye tour. Jumapili mimi singeenda, Wamexico wanaingia bure siku hiyo na ni haki yao, ila utabanana.

Tiketi ni mbili, ya serikali kuu na ya jimbo, na mgeni unalipa zote, ukijumlisha inapita peso 600. Yale matangazo ya tour za bei chee mara nyingi hiyo haimo, soma maandishi madogo.

Mwongozaji mlipie, hapo sibishani na mtu. Peke yako utaona ngazi na mawe, utapiga selfie, utarudi kwenye basi. Wa kwetu alituhesabia: ngazi 91 kila upande, pande nne, ongeza na ile ya juu kabisa unapata 365, siku za mwaka. Akatusimamisha mbele ya ngazi akasema pigeni kofi moja wote kwa pamoja, tukapiga, piramidi ikajibu kwa mlio wa ndege kabisa, "kyuuu", wanaufananisha na quetzal yule wa mkia mrefu wa kijani. Mmama mmoja wa kundi letu akageuka kutafuta ndege mitini. Kule uwanja wa mpira wa Wamaya wa kale, mrefu mita 168, akatuonyesha mchezaji aliyechongwa ukutani hana kichwa na damu inamtoka shingoni kwa umbo la nyoka, kitu ambacho ungepita hapo hata usikione. Kupanda piramidi usiwaze, walishafunga tangu 2006, hizo picha za watu wako juu ni za zamani.

Na mtu akikuambia Wamaya walitoweka mwangalie tu. Huyo mwongozaji katikati ya maelezo alipigiwa simu na mama yake wakaongea Kimaya mwanzo mwisho, sisi tumesimama tunasubiri.

Tour nyingi zinamalizia Ik Kil, kisima kikubwa cha asili cha kuogelea. Kule kaskazini mwa Yucatán mito juu ya ardhi hakuna, maji yanapita chini kwenye mwamba wa chokaa, paa la pango likiporomoka ndio kinabaki kisima kama hicho, watu wa Jambiani wenye mapango yao ya maji wataelewa haraka. Unaoga kwanza ndio unaingia, losheni yote itoke. Kina chake kinapita mita 40 hivyo vaa jaketi la kuokolea, acha uanaume. Kile kisima kitakatifu kilichopo ndani ya magofu ni cha kuangalia tu, walikuwa wanatupia vito humo, na watu pia.

Mlioko Marekani, ukiwa na green card au viza ya Marekani ambayo haijaisha huhitaji viza ya Mexico, ila beba hiyo kadi mkononi, sio kwenye begi kubwa.

Kofia lazima, maji beba ya kutosha, kivuli ni cha kutafuta. Wauzaji wamejipanga njia nzima ndani wanapuliza vidude vya kutoa mngurumo wa jagwa, mara ya kwanza utaruka. Ukitaka kununua subiri mnapotoka, bei inashuka yenyewe, na lipa kwa peso, dola wanapokea lakini rate wanaipanga wao.