Mayi ya ziwa ikiwa kijani, kuongeza klori hakusaidii (jibu kwa mama wa Keshero)

Mama uliyeuliza juu ya ile mayi ya kijani ya Ziwa Kivu kule Keshero, hapa Goma, nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu wote. Umesema unatia klori mara mbili ya kawaida, kisha unachemsha mpaka inatokota vizuri, na bado mtoto analalamika tumbo na kutapika, unauliza kama uongeze tena. Hapana mama, usiongeze. Na nyinyi mliomwambia "ongeza tu klori, klori inaua kila kitu", tafadhali mniache nielezee, maana hii kitu inanisumbua roho kabisa.

Mimi nimefanya kazi ya kutia klori ukingoni mwa ziwa tangu volkano ya Nyiragongo ya 2021, ile ya tarehe 22 mwezi wa tano iliyoharibu rezervwari na mabomba mpaka watu karibu nusu milioni wakabaki bila mayi ya robine, yaani ya bomba. Unasimama na sindano yako ya kupimia klori, mtu anakuja na bidoni ya lita 20, unapiga dozi, unamwambia angoja dakika 30 kabla ya kunywa. Mwezi wa kwanza 2025 umeme ulipokatika na pampu zikasimama, tuliona tena mji mzima unashuka ziwani na mabidoni, chukudu kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Kazi hiyo inaokoa watu, msinielewe vibaya. Kolera (kipindupindu) inaweza kumaliza mtu mzima ndani ya saa chache, na klori inaua vijidudu vyake. Ndiyo maana tumewafundisha watu miaka na miaka: klori, chemsha, klori, chemsha. Sasa ile rangi ya kijani ni adui mwingine kabisa, na dawa ya kolera siyo dawa yake.

Ule uchafu unaoelea kama rangi ya kupaka nyumba iliyomwagika, mara nyingi ni sianobakteria, wengine wanasema mwani wa kijani-buluu. Aina moja inaitwa Microcystis, na inatengeneza sumu inayoitwa mikrosistini ambayo inashambulia maini. Sumu hiyo kwa sehemu kubwa inakaa ndani ya kile kijidudu kikiwa hai. Ukichemsha, unakipasua, sumu inamwagika kwenye mayi yako, na moto wa jiko hauiharibu, tena kadiri mayi inavyopungua kwenye sufuria ndivyo sumu inavyobaki nzito zaidi. Ukitia klori juu ya mayi ya kijani ni vilevile, unapasua kwanza. Kule Marekani mji wa Toledo, mwezi wa nane 2014, sumu hiyo ilitoka Ziwa Erie ikaingia kwenye mayi ya robine, watu karibu nusu milioni wakakatazwa kunywa, na serikali ikawaambia wazi kabisa: msichemshe. Na hao wana mitambo mikubwa na maabara!

Mtu ataniuliza, lakini si klori inaweza kuharibu mikrosistini? Ndiyo inaweza, ikiwa ya kutosha, ikipewa muda, na pH ya mayi (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) ikiwa chini ya 8. Sasa mayi ya Ziwa Kivu juu pale pH yake ni karibu 9. Hapo klori inakuwa mvivu. Na kuna jambo nimeliona kwa macho yangu, kwenye kikona kimoja ambako mtaro wa mtaa unateremka: siku mayi ilikuwa kijani tulipiga dozi ya kawaida, tukangoja, tukapima na kile kidonge kinachotakiwa kugeuza mayi kuwa pinki, na haikugeuka hata kidogo, nyeupe pee, tukaongeza dozi ikabaki vilevile. Ule uchafu ulikuwa umekula klori yote. Maana yake hata kolera ingepita hapo na mtu anaamini amejikinga. Tulifunga ile sehemu siku hiyo tukawatuma watu mbali, na watu walikasirika sana, ninawaelewa, kupanda na bidoni kwenye mawe ya volkano siyo mchezo.

Kwa hiyo fanya nini. Kwanza kabisa badilisha mahali pa kuchota, hiyo ndiyo inasaidia kushinda vyote. Uchafu huo unaelea na upepo unausukuma kwenye vikona na pembeni, kwa hiyo tafuta sehemu iliyo wazi, mbali na mtaro, na kama kuna mwenye mtumbwi achote mbele na chini kidogo, siyo kukwangua juu. Kama robine inatoka hata usiku wa manane, amka. Ukitaka kujua kama ni ile mbaya, chukua chupa inayoonyesha ndani, jaza karibu yote, weka mahali pa baridi bila kutikisa mpaka asubuhi: kijani ikipanda juu kama krimu ya maziwa, iogope, ikishuka chini, mara nyingi ni mwani wa kawaida. Lakini hakuna anayeweza kuona sumu yenyewe kwa macho, siyo kila mwani wa kijani una sumu, ni maabara tu inasema. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita kwa mayi ya kunywa kila siku, na 12 kwa muda mfupi tu, na mikrogramu ni kitu usichoweza kukionja.

Kama huna pengine pa kuchota, basi toa uchafu kabla ya klori: tia alumu, ile dawa ya kuzamisha uchafu, acha itulie, chota ya juu taratibu, chuja na kitambaa ulichokunja mara nyingi, halafu ndiyo klori. Hiyo inapunguza, haimalizi, maana sumu iliyokwisha kumwagika inapita kwenye kitambaa na hata kwenye filtre ya udongo. Na makala (makaa) ya kupikia, wengi wananiuliza, haitoshi, ile inayofanya kazi ni makala iliyotengenezwa kiwandani maalum kwa kusafisha mayi. Mvua ni nzuri kama una bati safi, mwaga ile ya mwanzo, ila moshi wa Nyiragongo ukielekea kwenu mvua inakuwa na asidi na fluoridi, hapo pia chunga.

Mtoto wa chupa asipewe mayi hiyo kabisa, hata kama umeichuja. Mtoto wako huyu anayetapika mpeleke kituo cha afya leo, siyo kesho, uwaambie mayi ilikuwa na rangi gani, lakini wamchunguze kolera pia, maana dalili zinafanana, tena kolera haingoji. Mbuzi na mbwa msiwaache wanywe pale, na samaki wa kwenye kijani mtoe matumbo na maini yote mtupe.

Tena msifikiri ziwa letu lote limeoza. Mayi ya juu ya Kivu kwa asili ina mbolea kidogo, mbolea nyingi imefungwa chini kabisa pamoja na zile gesi za methani na kaboni dioksidi, ndiyo maana hatujafika kama ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria kule Kisumu ambako kijani inafunika sehemu kubwa ya mayi. Sisi tunajitengenezea wenyewe kwenye vikona: choo kinachojaa kwa sababu mawe hayachimbiki, mtaro, sabuni ya kufulia, yote yanateremka palepale tunapochota.

Na yule ndugu aliyeandika "rangi imeshaondoka kwetu, tumerudi kuchota", tafadhali subirini kwanza. Ule mwani ukifa ndipo unapomwaga sumu yake yote, mayi inaonekana safi kabisa na sumu inaweza kubaki siku nyingi, hata wiki kadhaa. Endeleeni kuchota kule kwa mbali.