Nyumba ya mawe hutaka mtu ndani

Wiki hii mmetuuliza: "Anayetunza nyumba maisha yake yote, anapata nini?" Mimi nakaa Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe niliyopewa na baba nilipoolewa. Ndivyo desturi ya zamani ya kwetu, binti aolewe akiwa na paa lake. Mume ndiye aliyehamia kwangu. Rafiki zake wa bara humtania kwa hilo, naye huwajibu kwamba kodi ni wao wanaolipa.

Jibu langu ni kwamba napata nyumba isiyoanguka, na silisemi kwa mzaha.

Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyopanga upana wa vyumba, ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Chokaa hunyonya unyevu wa masika na kuutoa jua likiwaka. Wapangaji waliotutangulia waliupiga simiti ukuta wa msana, yaani ule ukumbi mrefu wa ndani, wakidhani wanauimarisha. Unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi ikajaa ndani, jiwe likawa linalika nyuma ya plasta iliyoonekana nzima. Fundi aliugonga kwa vidole, akatega sikio, akasema, "Mama, huu ni mtupu." Tukabandua yote, tukatomea kwa vijiwe, tukapaka chokaa tabaka baada ya tabaka, na kila moja ina kungoja kwake. Kifusi kiliondoka kwa punda, maana vichochoro vyetu havipitishi gari.

Fundi huyo ndiye aliyenifungua macho: nyumba nyingi za mji huu hazikuuliwa na uzee, zilihamwa. Wenyewe wako Mombasa au Uarabuni, warithi ni wengi, ufunguo haujulikani uko kwa nani. Majani yanaziba mfereji wa paa, maji yanatuama juu ya sakafu ya paa, boriti zinaoza, siku moja dari lote linashuka. Ufagio ungetosha kuzuia hayo. Basi nikipanda juu kufagia kabla ya masika, huo nao ni ukarabati. UNESCO iliuingiza mji wetu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nasi tunashukuru, ila haiji kufagia.

Na bado karani mmoja, katika ofisi nisiyoitaja, alinijazia fomu akaandika "hana kazi".

Mume wangu si mtu wa maneno matamu. Samaki wadogo wa kwenye birika, yaani hodhi la maji la chooni, wanaokula viluwiluwi vya mbu, ni yeye anayewatafuta wakifa, bila kuambiwa. Akichekwa kwa kushika ufagio huwakumbusha watu Hadithi ya Bi Aisha, alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani: alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Sijasikia mtu aliyeendelea kucheka baada ya hapo.

Surat An-Nahl, aya ya 80, inatuambia Mwenyezi Mungu ndiye aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Utulivu si mimi ninayeuumba, basi. Nimewekewa amana, nami naichunga. Hilo limenipunguzia mzigo mkubwa, hasa siku ambazo mgongo unauma, wageni wamejaa, na sioni maana ya chochote isipokuwa kulala.

Watalii hupiga picha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizopangwa vyombo vya kale. Zidaka zetu zina juzuu, dawa ya kikohozi na chaja za simu.

Baada ya Idi, Inshallah, tunaanza ukuta huohuo wa zidaka. Fundi anataka chokaa ilowekwe mapema, na mume wangu keshaanza kuuliza mapipa yako wapi.