Kwa Wanaojifunza Ufundi wa Pikipiki: Sikilizeni Mlio Kabla ya Kushika Spana

Vijana wangu mnaojifunza kazi hapa Nyakato na katika gereji nyingine za Mwanza, nimevumilia vya kutosha. Pikipiki inaingia ikilia ti-ti-ti, dereva hajashuka vizuri, na tayari mmoja wenu anafungua kava la tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, huku injini ikiwa na joto la kukaangia sato. Juzi mwingine alimtuma dereva wa pikipiki ya pushrodi akanunue cheni ya taimingi. Dereva wa watu alizunguka maduka ya spea mpaka muuzaji mmoja mwenye huruma akamweleza kwamba injini ile haijawahi kuwa na cheni hiyo tangu itoke kiwandani, kwa sababu kamshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu (milango ya hewa na moshi), iko chini, inazungushwa kwa gia, na valvu zinasukumwa na vijiti viwili vinavyopanda kando ya silinda. Gereji nzima ilicheka, isipokuwa yeye, ambaye hesabu ya siku hiyo alikuwa bado anadaiwa na bosi wake.

Nayaandika haya kwa sababu makosa mnayoyafanya nayafahamu kwa majina yake yote.

1. Muulizeni dereva kwanza. Dereva anayelala na kuamka na pikipiki hiyo anajua mlio ulianza lini, kama unasikika asubuhi injini ikiwa baridi au mchana ikiwa imechemka, na kama unazidi anapopanda mlima wa Bugando na abiria wawili, jambo ambalo atalikana kwanza na kulikubali baadaye. Muulizeni pia anakokwenda. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wanaopeleka mizigo Sengerema hawasubiri tena kivuko, na injini ambayo zamani ilipata muda wa kupoa kwenye foleni sasa inakimbizwa moja kwa moja hadi ng'ambo. Nawafurahia madereva kwa hilo, lakini oili yao haina furaha hiyo.

2. Pimeni oili kabla ya jambo lolote, pikipiki ikiwa imesimama wima na si kwa stendi ya pembeni, na someni kitabu chake kama kijiti cha kupimia kinatakiwa kufungwa au kuegeshwa tu. Injini hizi zinabeba takribani lita moja. Ukikuta nusu yake haipo, mlio wa juu kwenye hedi (kichwa cha injini) umekwisha kujieleza. Oili ya gari yenye vipunguza msuguano msiiweke, maana klachi ya pikipiki inaogelea katika oili hiyohiyo na itaanza kuteleza. Tafuteni chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo.

3. Hesabuni mapigo. Injini ya mipigo minne huzungusha krenki, mhimili wake mkuu, mara mbili ndipo kila valvu ifunguke mara moja, kwa hiyo katika sailensa (injini ikizunguka bila resi) ya mizunguko 1,400 kwa dakika valvu moja hugonga mara 700 tu. Mwongozo wenu ni pumzi ya ekzosi, kwa kuwa nayo hutoka mara moja katika kila mizunguko miwili. Mlio mmoja kwa kila pumzi unatoka juu, kwenye tapeti, roka (mkono unaosukuma valvu) au kamshafti. Milio miwili iliyoachana sawasawa kwa kila pumzi inatoka chini, kwenye krenki, pistoni au konrodi (fimbo inayounganisha hizo mbili). Kuna mtego hapa: tapeti mbili zilizolegea kwa pamoja nazo hutoa milio miwili, ila hiyo haiachani sawasawa, bali huja kama mtu anayechechemea. Bisibisi ndefu, ncha kwenye hedi na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, itawaonyesha upande. Shati lisiwe linaning'inia karibu na cheni.

4. Hakikisheni kwamba mnachokisikia ni chuma. Gasketi ya ekzosi iliyoungua pale bomba linapoingia kwenye hedi hutoa mlio unaofanana na wa tapeti kiasi kwamba mafundi wazee pia hudanganyika. Tafuteni masizi meusi kuzunguka mdomo wa bomba, kisha mmoja azibe tundu la nyuma kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache huku mwenzake akisikiliza mbele. Panapovuja pataongeza kelele. Plagi isiyokazwa hulia vivyo hivyo na huacha alama ya mafuta kuizunguka. Gadi iliyolegea, kava la cheni lililokosa boliti moja, na bati la kuzuia joto la ekzosi vimekwisha kuwatia watu gharama za injini nzima. Shikeni kila kitu kwa mkono, injini ikiwa baridi, kabla ya kumtamkia mwenye pikipiki neno la fedha.

5. Tapeti. Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Taratibu mnazijua: injini ilale mpaka ipoe kabisa, alama ya T kwenye sumaku (gurudumu linalozunguka na krenki), inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, isimame kwenye mstari wake, roka zote mbili zichezecheze, kisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia, ipite kati ya skrubu na shina la valvu kwa kukwaruza kidogo. Kwa injini za ukoo wa Honda CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili; kwa Boxer na TVS fuateni kitabu cha modeli husika, msikisie. Alama ya T huja mara mbili katika mzunguko kamili wa kazi, na mara moja tu kati ya hizo ndiyo yenu. Roka zikiwa zimebana, zungusheni sumaku duru moja nyingine. Shikilieni skrubu mnapokaza nati yake, halafu pimeni tena, kwa kuwa nati ikikazwa huivuta skrubu.

Nilipokuwa na umri wenu nilijua hayo yote, na nilikuwa nimekwisha kuyaona kuwa ni mambo ya waoga. Alikuja dereva aliyekuwa akibeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, pikipiki ya pushrodi ikipiga kelele kwenye tapeti. Fundi wangu alikuwa ametoka, fila ilikuwa kwenye sanduku lake lililofungwa, na dereva alikuwa na haraka kwa sababu mzigo ulikuwa umekwisha kulowa kwa mvua. Nilifungua kava injini ikiwa ya moto, nikawa nakaza skrubu na kusikiliza, nakaza na kusikiliza, mpaka mlio ukapotea kabisa. Ukimya ule uliniingia kichwani. Dereva alipiga resi mara kadhaa, akacheka, akaniongezea fedha ya soda, na akaenda kunisifu kijiweni kwao kwamba kuna kijana ana mkono kuliko bosi wake. Sikumkanusha.

Wiki chache baadaye alirudi akisema kwamba asubuhi anapiga kiki mpaka mguu unachoka. Nikasafisha kabureta. Akarudi tena: sasa pikipiki haina nguvu mlimani na sailensa haitulii. Nikabadilisha plagi na kumlaumu mwuza petroli wa chupa, mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Kila aliporudi nilikuwa na mtuhumiwa mpya, na haikunipitia akilini kuitazama kazi ya mkono wangu, kwa kuwa upande wa tapeti palikuwa kimya na ukimya ndio niliouita uzima. Mwishowe kiki ikawa inashuka bila kupata ukinzani wowote. Fundi wangu ndiye aliyeivua hedi. Alimimina petroli kidogo kwenye njia ya ekzosi, ikapita kando ya valvu na kudondoka kwenye chumba cha moto kana kwamba hakuna kilichofungwa. Valvu ilipotoka, ukingo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja, pengo dogo la kutosha ncha ya kidole kidogo, na siti yake, pale valvu inapokalia ikifunga, ilikuwa na mchirizi mweupe palipokuwa pakipita moto.

Aliniwekea valvu ile mkononi na kunieleza kwa sauti ya chini, jambo lililonitia hofu kuliko kama angefoka. Valvu ya ekzosi hupoa hasa inapokaa juu ya siti yake, kwa kuwa hapo ndipo joto linapokimbilia kwenye hedi. Ukiinyima nafasi, haikai vizuri; isipokaa, haipoi; isipopoa, hewa iliyowaka hupenya palepale kila mlipuko na kuuchonga ukingo. Tena kadiri valvu na siti zinavyolika, ndivyo valvu inavyozama na nafasi ya tapeti inavyozidi kupungua, kwa hiyo tapeti niliyoiacha bila nafasi ilikuwa inajikaza yenyewe kila siku. Valvu mpya, gasketi na kusaga siti vilitoka mfukoni mwangu kidogokidogo. Dereva hakunitukana, alihamia gereji ya jirani, na kila alipopita mbele yetu na dagaa zake alipiga honi. Mpaka leo sijui ilikuwa salamu au nini.

Ndiyo maana nikisikia tapeti inalia kidogo nalala usingizi, na nikikuta tapeti isiyolia kabisa naitafuta fila.

6. Kuna jambo ambalo fundi wangu aliligundua siku ileile na ambalo wengi wenu hamjaliona bado. Pale roka inapoligonga shina la valvu, au pale skrubu inapogusa, uso wa chuma huchimbika kijishimo kwa miaka ya kugongana. Fila ni bapa, hivyo hupita juu ya kishimo kama ubao juu ya mtaro na kuwaambia kwamba nafasi ni 0.08, ilhali nafasi ya kweli ni kubwa zaidi na mlio unaendelea. Fundi asiyejua hukaza zaidi, na huko mbele anakutana na valvu yangu. Pitisheni ukucha kwenye uso wa roka. Ukinasa, badilisheni skrubu au roka yenyewe. Dawa ya pikipiki ya yule mbeba dagaa ilikuwa hiyo tangu mwanzo, na ingegharimu fedha ndogo sana.

7. Mengine kwa kifupi. Mlio ukitoweka mkibana klachi, tazameni klachi. Mkwaruzo wa krakra ubavuni, hasa mnapoachia resi, kwenye injini yenye kamshafti juu, ni cheni ya taimingi au kikazio chake. Kugonga kwa asubuhi kunakopungua injini ikichemka ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Itaishi, ila mwambieni mwenyewe ajiandae. Kugonga mlimani kwa gia kubwa ni mwendo mbaya wa dereva au taimingi ya moto (wakati plagi inapowasha), na tapeti haihusiki.

8. Mlio mzito kutoka chini, wa ko-ko-ko, unaozidi mnapoitwisha injini mzigo, ni konrodi. Hapo zimeni, msimruhusu dereva aende nayo hata hadi Igoma "kumalizia abiria mmoja tu", kwa kuwa konrodi ikikatika hutoboa krankikesi (ganda la injini) na bei ya matengenezo hupanda palepale. Ipakieni kwenye guta. Mpeni bei ya krenki na ya kazi kwa mafungu mawili tofauti, kwa sababu atakwenda kuiulizia dukani, na msifungue boliti hata moja mpaka arudi na jibu; injini iliyopasuliwa na kuachwa hujaza vumbi, na mwenyewe akirejea baada ya mwezi atawadai boliti ambazo hazikuwepo.