Opena ya kopo kuruka ukingoni

Ndugu, umeuliza kwa nini opena yako inaruka na kuacha sehemu hazijakatika. Usiitupe kwanza. Ina magurudumu mawili: lile kali linatoboa mfuniko, lile la meno linabana ukingo kwa chini na kulizungusha kopo unapozungusha kipini. Kwa hiyo mara nyingi tatizo ni meno, si makali. Chungulia katikati ya meno, huenda ukakuta nyanya ya kopo imekaukia humo. Loweka kwenye maji ya moto, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, tia tone la mafuta ya kula. Meno yakiwa yamelika kabisa, nunua nyingine. Hizi za bei poa chuma chake laini mno. Na kopo likibonyea ukingoni, anzia upande mwingine.